Gari ya spoti iliyotumika: giaboksi ipi haitanifilisi? 350Z, M3 au Boxster

KipepeoWaLami:
Wakuu habari zenu. Nataka kuvuta gari ya spoti iliyotumika, hela ipo, nimebakiza tatu: Nissan 350Z manyuali, BMW M3 E46 yenye SMG (klachi inakanyagwa na mashine, si mguu), na Porsche Boxster 986 Tiptronic, yaani otomatiki. Kinachonitisha ni giaboksi. Ipi inadumu, na ipi ikifa inakufa na mwenyewe? Wiki hii nalipa. Nawasilisha.

MshikaSpana:
Mkuu umeleta nusu swali. Za mwaka gani? Zimetembea kilomita ngapi? Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na kuna karatasi au ni maneno ya muuzaji? Gari ni ya kila siku kwenye foleni au ya kutoka nayo Jumapili? Bila hayo tunapiga ramli.

GiaSita:
350Z. Uzi ufungwe.

BintiGereji:
Usifungwe, kaka. 350Z za mwanzo zinajulikana kwa sinkro dhaifu (vile vipande vinavyolainisha gia kuingia), gia inaingia kwa kusaga hasa oili ikiwa bado baridi. Giaboksi iliyokuja baadaye, ile watu wanaiita CD009, ndiyo ngumu, hadi wanaifunga kwenye magari mengine kabisa. Kwa hiyo mwaka una maana.

M3: giaboksi yenyewe ni manyuali ya gia sita, chuma kizuri. Kinachosumbua ni kilichowekwa juu yake: pampu ya haidroliki, akiumuleta (kitungi cha kutunza presha), sensa, rilei. Ukienda kuiangalia, ifikie ikiwa imelala muda mrefu, fungua mlango wa dereva bila kuwasha, sikiliza upande wa injini. Pampu inatakiwa ivume kidogo inyamaze. Ikivuma tu bila kukoma, au ikae kimya kabisa, anza kuuliza maswali.

Boxster: Tiptronic haina klachi ya kuisha kama ya manyuali, inataka oili safi na filta. Hofu ya 986 iko kwenye injini, beringi ya IMS, ile shafti ya kati iliyo ndani ya injini. Inabadilishwa giaboksi ikiwa chini, kwa hiyo kama giaboksi imewahi kushushwa, uliza kama beringi nayo iliguswa.

GiaSita:
SMG si manyuali dada, ni otomatiki yenye kiburi.

BintiGereji:
Ina klachi moja ile ile ya kuisha. Ungekuwa umeishusha ungejua.

Mwenda_Pole:
Msimwambie tu kwamba manyuali ni rahisi. Niwape yangu, kampuni siitaji maana uzi utageuka vita vya ushabiki. Milango miwili, gia sita, rangi inang'aa, gia zinaingia zenyewe. Baada ya muda pedali ya klachi ikaanza kulegea asubuhi. Naongeza fluidi, inapungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Siku hiyo niko kwenye taa, nakanyaga klachi, ikazama hadi kwenye kapeti ikabaki huko. Naiinua kwa ncha ya kiatu, nakanyaga, inazama tena. Gari iko gia ya kwanza inataka kwenda, nimeng'ang'ania breki hadi ikazima, nyuma honi tupu.

Kilichokufa ni silinda ya klachi, ya plastiki, imefichwa kati ya injini na giaboksi. Kipuri kinaenea kiganjani. Lakini kukifikia giaboksi lazima ishuke, na ilipokuwa chini tukakuta pleti imelowa fluidi, beringi inalia, flaiwili ya vipande viwili ina mchezo. Ukirudisha vya zamani utashusha tena. Nikalipia klachi nzima kwa sababu ya sili.

MshikaSpana:
Hapo mleta mada ana bahati, 350Z za mwanzo silinda hiyo iko nje, unaibadilisha umelala chini ya gari. Kuanzia 350Z za 2007 ndiyo wakaipeleka ndani, na 370Z iliyofuata ikaja hivyo hivyo. Aliyeamua hivyo hajawahi kushika spana.

NahodhaWaGia:
Oili ya otomatiki ni ya maisha, haiguswi. Chukua Boxster.

MshikaSpana:
Maisha ya nani? ZF wenyewe wanaotengeneza giaboksi wanashauri oili ya otomatiki zao ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. "Ya maisha" ni lugha ya kuuzia gari mpya.

NahodhaWaGia:
Nina jamaa yangu hajabadilisha na inatembea.

BintiGereji:
Inatembea mpaka siku itakaposimama.

KipepeoWaLami:
Samahanini nilikuwa kazini. 350Z ni ya 2004. M3 kitabu cha sevisi hakipo, muuzaji anasema kilipotea kwenye kuhama. Boxster ina karatasi zote ila sijazisoma. Itakuwa ya kila siku, foleni ipo. Na shemeji yenu naye ataiendesha, klachi hajui.

MshikaSpana:
Yaani hilo la mwisho ndilo ungeanza nalo!

GiaSita:
Mfundishe shemeji. 350Z.

Dada_wa_Rodi:
Amfundishe kwa klachi nzito kwenye foleni? Mtaachana. Kama ni kujifunza, Mazda MX-5: nyepesi, klachi laini, vipuri havina majivuno.

Mwenda_Pole:
Mkuu, soma karatasi za Boxster leo. Tafuta tarehe ya oili ya giaboksi na hiyo IMS. Zisipokuwepo, karatasi zilizobaki ni za kubadilisha waipa tu.

NahodhaWaGia:
Au asubiri apate Boxster ya 2009 kuendelea, yenye PDK, otomatiki ya Porsche ya klachi mbili. Injini hizo hazina shafti ya IMS kabisa.

KipepeoWaLami:
Hela ni ya hizi tatu wakuu.

Kijana_wa_Nyuma:
Wazee, mimi otomatiki yangu ikiingia rivasi asubuhi inapiga "dum". Ni maunti (raba zinazoshikilia injini) au giaboksi?

MshikaSpana:
Fungua uzi wako kijana. Mwaka gani, kilomita ngapi?