Hita ya tangi la samaki imeganda ikiwaka usiku, maji yamefika 34. Kontrola ya nje nifunge vipi?

MleziWaNeon
Wakuu habari. Leo nimeamka saa 11 alfajiri nikaenda kuwasha taa ya tangi kama kawaida yangu, nakuta vioo vimeshika ukungu mpaka juu na samaki wote wako usoni pa maji wanahema kwa fujo, kipimajoto kinasoma 34. Jana nalala kilikuwa 25. Taa ya hita inawaka, nikazungusha kitufe chake kushusha mpaka mwisho bado inawaka tu, nikachomoa kwenye soketi. Samaki wangu wa neon 9 kati ya 14 wamekufa, na kori wangu 2 (wale samaki wa chini ya tangi) ambao nimekaa nao muda mrefu, wameniuma kweli.

Tangi ni lita 120, hita wati 300, ina kama mwaka na nusu. Nimeshauriwa ninunue ile kontrola ya nje inayowasha na kukata umeme wa hita, yenye sensa ya waya (kipima joto kinachozama majini), halafu plagi ya hita inachomekwa kwenye kontrola. Sasa ninachojiuliza, hita tayari ina thamostati yake ndani (swichi inayokata yenyewe joto likifika), hizi mbili hazitagombana? Kila moja niiseti digrii ngapi? Na kontrola yenyewe ikiganda je, si nitarudi palepale? Halafu hawa waliobaki maji niyapoze vipi kwa haraka.

fundi_relei
Pole sana ndugu yangu. Tuanze na walio hai. USIMWAGE maji baridi wala barafu, wameshachoka na joto wakipigwa na baridi ya ghafla ndo unawamaliza. Washa pampu ya hewa mpaka mwisho, acha mfuniko wazi, halafu toa maji kidogo kidogo urudishe yaliyopoa kiasi tu, ishuke polepole kwa masaa kadhaa. Kinachowafanya wapande juu ni pumzi, maji ya 25 yakijaa hewa yanabeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ukifika 34 zimebaki kama 7, na hapohapo mwili wa samaki kwenye joto unataka oksijeni nyingi zaidi. Kwa hiyo hewa kwanza, joto baadaye.

Sasa kwa nini imeganda. Thamostati nyingi za hita za kioo ndani zina kibati cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, kikipata joto kinapinda na kuachanisha vidoti viwili vya mguso vinavyopitisha umeme. Kila vikiachana au kugusana panatoka cheche ndogo. Cheche hizo siku baada ya siku zinaunguza uso wa vile vidoti mpaka siku moja vinaungana kama vimechomelewa, ndo maana ulizungusha kitufe na haikusaidia kitu.

Kuhusu kugombana, hazigombani kabisa. Fikiria bomba moja lenye koki mbili zimefuatana, maji yanapita tu kama zote ziko wazi, ukifunga yoyote yanakatika. Kontrola na hita ziko hivyohivyo kwenye waya mmoja. Mimi yangu nimeseti kontrola 25, tofauti ya kuwasha nusu digrii, yaani inakata 25 inawasha tena 24.5, halafu hita yenyewe nimeipandisha iwe karibu 27. Kila siku kontrola ndo inayokata. Vidoti vya thamostati ya hita vinabaki vimegusana tu havipigi cheche, kwa hiyo havichakai, na relei ya kontrola (swichi yake ya ndani) ikiganda siku hiyo (ndiyo inaweza kuganda, ni vidoti vilevile) hita inakata yenyewe kwenye 27 na hakuna anayekufa.

Ila namba zilizochapwa kwenye kitufe cha hita usiziamini, zinaweza kukosea digrii mbili hivi. Siku ya kufunga, ukiwa umekaa hapohapo na samaki hawajaingia, pandisha kontrola mpaka 30 kwa muda uone hita inakata yenyewe kwenye ngapi kwa kipimajoto. Ikikata 29 shusha kidogo rudia, mpaka ikate 27 kweli.

Mama_Discus
Pole sana mwanangu, najua uchungu wa kuokota samaki asubuhi.

Fundi kasema vizuri ila mimi nataka niongelee SENSA maana hapo ndo wengi wanaumizwa. Kontrola haijui maji, inajua pale ilipo sensa tu. Yangu ilikuwa imeshikwa na kile kibandiko cha mpira cha kunyonya kioo, mpira ulipozeeka ukawa mgumu ukaachia, sensa ikatoka majini ikawa inaning'inia hewani nyuma ya tangi. Hewa ya chumba usiku ni 20, kwa hiyo kontrola ikaona baridi ikaamrisha hita ichome moja kwa moja. Kilichoniokoa ni hita yenyewe kuwa imesetiwa digrii mbili juu ya kontrola, nilikuta maji 31 badala ya 29, samaki wangu wa discus wanavumilia hapo. Kama ningeiweka hita mwisho kabisa, kama wengine wanavyofanya wakisema "kontrola ipo itakata", ningewapika wote.

Tangu hapo sensa naifunga na kamba ya plastiki kwenye bomba la filta linalovuta maji, sehemu mbili, chini kabisa ya usawa wa maji, hata nikitoa nusu ya maji bado imezama. Isigusane na hita na isiwe kwenye kona ambako maji hayatembei. Na siku ya kubadili maji chomoa kontrola NA hita, subiri dakika 20 hita ipoe ndo uanze kutoa maji, kioo cha hita kikiwa cha moto kikibaki nje halafu ukarudisha maji kinapasuka.

wati_kidogo
Pole mkuu. Mimi napishana kidogo na fundi. Kwangu hita ndo inafanya kazi ya kila siku kwenye 25 na kontrola nimeiweka 27 kama mlinzi wa juu tu, ikifika hapo inakata na kupiga kelele. Sababu yangu ni alamu, nikisikia kelele najua thamostati ya hita imekufa. Kwa njia ya fundi relei ikiganda maji yanakaa 27 kimyakimya unaweza usijue wiki nzima.

Lakini kosa kubwa hapa naona ni wati 300 kwenye lita 120, mbona hakuna aliyesema. Piga hesabu, wati 300 kwenye maji hayo zinapandisha kama digrii 2.1 kwa saa kabla ya kutoa joto linalopotea. Ukilala masaa 6 imekwisha. Chukua hita mbili za wati 75, zote kwenye kontrola moja, moja kila upande. Moja ikiganda peke yake inapandisha nusu digrii kwa saa mwanzoni, na kadiri maji yanavyozidi chumba joto nayo inazidi kushindwa, mara nyingi haifiki pa kuua. Moja ikifa haiwaki, nyingine inashikilia mpaka uamke.

fundi_relei
@wati_kidogo hoja ya alamu nakubali, ila kontrola nyingi zina alamu ya juu unaiseti peke yake. Weka kukata 25 na alamu 26.5, unapata vyote viwili. Na relei ambayo haijawahi kukata miezi 8 mimi siiamini kwamba itakata siku ya shida. Hita mbili ndogo nakuunga mkono mia kwa mia.

MleziWaNeon
Asanteni sana nyote. Neon 5 zimebaki na leo zimekula. Nimeshachukua hita mbili za 75 na kontrola, nyuma imeandikwa 10A, inatosha? Na nitajuaje kwamba inakata kweli bila kusubiri yatokee tena.

fundi_relei
Inatosha na kubaki. Wati gawanya kwa volti, 150 kwa 230 haifiki hata ampea 1. Usiikimbize karibu na hiyo 10, relei inayofanya kazi nyepesi inadumu.

Kupima ni rahisi. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, tumbukiza sensa, ndani ya sekunde chache usikie klik na taa za hita zizime zote mbili. Klik peke yake haitoshi, angalia taa, maana vidoti vikishaungana namba zinabadilika kwenye skrini na hita inaendelea kuchoma. Fanya kila mwezi. Kontrola itundike juu, isilale sakafuni, na kila waya ushuke chini ya soketi kwanza ndo upande, tone likitiririka lidondoke pale chini lisiingie kwenye plagi. Na soketi ya tangi iwe na kile kikata umeme cha 30 mA kinachogundua umeme unaovuja, kioo cha hita kikipasuka ndo kinakulinda wewe mwenyewe unapoingiza mkono.

MleziWaNeon
Nimefunga leo, neon nimezihifadhi kwenye ndoo yenye pampu ya hewa kwanza. Hita ya kushoto inakata yenyewe 26.8, ya kulia ilikuwa 28.5 nimeishusha mara tatu mpaka 27. Kikombe nimejaribu, klik na taa zote zimezima. Ila sensa inasoma 25.0 na kipimajoto cha kioo 25.6, nifuate kipi?

Mama_Discus
Usifuate chochote kwanza. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kaa dakika tano halafu tumbukiza vyote viwili pamoja visiguse kioo. Kinachosoma sifuri ndo mkweli. Kama sensa ndo inakosea, kontrola ina sehemu ya kurekebisha kwenye menyu, ongeza hiyo 0.6, kisha linganisha tena kwenye maji ya tangi kabla hujarudisha neon zako.