Gari la rimoti linapotea mota ikishika kasi

Majengo, Moshi: Wakuu, gari la rimoti ya 27 MHz (masafa ya redio) linatii rimoti mita 3 tu. Betri mpya. Likisimama, usukani unaitika hata kwa mbali. Tatizo ni antena?

Sakina, Arusha: Hapana mkuu, ni mota. Brashi zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani) zikisugua shaba hutoa cheche, na cheche ni kelele ya redio inayomeza ishara ya rimoti. Angalia kapasita za mota (vijisehemu vinavyozima kelele hiyo), huenda zimekatika. Weka 3 za seramiki za 0.1 µF (zimeandikwa 104): moja kati ya vituo viwili vya mota (panaposhikwa nyaya), nyingine mbili kutoka kila kituo hadi kwenye ganda la chuma la mota. Piga ganda msasa kwanza, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Usikawie na pasi ya kulehemu, joto linayeyusha plastiki ya nyuma. Redio mbovu ina kapasita hizo tele.

Kijenge: Pia sokota nyaya za mota pamoja, zikae mbali na antena. Waya wa antena usiukate kabisa! Antena fupi ya sm 3 ni ya rimoti za 2.4 GHz, si za 27 MHz.

Majengo, Moshi: Kweli, moja imekatika mguu. Zina chanya na hasi?

Sakina, Arusha: Seramiki hazina. Geuza upendavyo.