Naomba ushauri: ombi rasmi shuleni kwa mtoto mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), Bukavu, DRC

Jambo kwenu wazazi na walimu. Tunaandaa ombi kwa ajili ya mtoto wa darasa la tano hapa Bukavu, ili mwaka ujao asikwame kwenye ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi.

Macho na masikio yamekwisha kupimwa, ni mazima. Hatua hiyo msiiruke, maana shule itauliza hilo kwanza. Halafu tumekusanya madaftari ya miezi mitatu. Humo "baba" inakuwa "dada", "kitabu" inabaki "kitau", na kazi ya kunakili ubaoni inakatika mstari wa pili. Akiulizwa kwa mdomo anajibu sawasawa. Kiswahili alikuwa anajikokota nacho, kwa sababu kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kifaransa ndicho kilichomwangusha: "eau", herufi tatu, sauti moja tu!

Barua inamwendea mkuu wa shule, nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Ombi la mdomo husahaulika mwalimu akibadilishwa. Tunaomba asomewe maswali, aongezewe robo ya muda, asikatwe pointi za tahajia kwenye historia na sayansi, na asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Tumetaja Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu.

Sasa tuelekezeni: ombi la muda wa nyongeza kwenye ENAFEP lifike kwa inspekta mwezi gani? Na ripoti ya disleksia inayokubalika, Bukavu au Goma, inaandikwa na daktari au mwanasaikolojia?