Kikundi cha Ukoo: Maji ya Shamba la Handeni

Mama Rehema (saa 1:12 asubuhi): Assalaam alaykum ndugu zangu. Kama nilivyoeleza juma lililopita bila kujibiwa na mtu, mvua za vuli zinakaribia, na familia ya Baba Salma kule shambani haina pa kuhifadhia maji zaidi ya mapipa na simtanki moja la lita 5,000. Naomba kila mmoja ataje mchango wake ili fundi aanze kujenga tangi la matofali la lita 20,000.

Mama Rehema (saa 3:40 asubuhi): Naona waliosoma ni wengi kuliko waliojibu.

Hamisi (saa 3:58 asubuhi): Dada, tulikuwa tunahesabu fedha. Hazikuchukua muda.

Baba Shabani (saa 4:15 asubuhi): Nguzo za umeme zimefika shuleni, na kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Kwa nini tusianze na umeme, wakafunga pampu kisimani kama watu wengine, badala ya kuishi gizani kwa hiari yao?

Baba Salma (saa 4:31 asubuhi): Shikamoo kaka. Bei hiyo ni ya aliye karibu na nguzo, nasi tuko mbali nayo. Gizani pia hatuko: betri zetu mbili za volti 12, za ampea-saa (Ah) 100 kila moja, hatuzishushi chini ya nusu ili zisife mapema, hivyo kila usiku tuna takribani wati-saa 1,200 za taa, simu na redio. Friji hatuna, na hatujamwomba mtu. Kisima cha bondeni kina chumvi na hukauka, kwa hiyo pampu ingevuta hewa. Tunachokosa ni pa kuyaweka maji ya bati. Bati letu ni meta za mraba 80, na kila milimita ya mvua huteremsha lita moja kwa kila meta ya mraba. Mvua ya milimita 50 ni lita 4,000. Ukitoa yale ya mwanzo tunayoyamwaga kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, pamoja na yanayopotea kwenye gata, zinabaki kama 3,200. Mvua mbili za namna hiyo simtanki limejaa, na zinazofuata tunazitazama zikikimbilia makorongoni. Tuko sita, kila mtu lita 20 kwa siku. Tangi la lita 20,000 lingetuvusha miezi mitano ya kiangazi.

Hamisi (saa 4:36 asubuhi): Mimi nitachangia nikihakikishiwa kwamba chai ya sikukuu ya Idi, inayopikwa kwa gesi ya samadi, haitanukia zizi.

Mama Rehema (saa 4:37 asubuhi): Hamisi, tafadhali.

Mama Salma (saa 6:20 mchana): Shikamooni shemeji zangu. Gesi ikiwaka hainuki, Shemeji Hamisi, ila hesabu ya mume wangu imewasahau ng'ombe. Kila asubuhi mimi na Salma tunakoroga ndoo ya samadi kwa ndoo ya maji, tukitoa vijiti na majani makavu kwa mkono, kwa sababu yakiingia mengi huziba bomba la mtambo wa gesi. Ng'ombe wawili, maji yao ya kunywa pamoja na ya mtambo, hayapungui lita 120 kwa siku. Tangi hilo litakwisha kabla ya miezi mitatu.

Baba Shabani (saa 6:48 mchana): Kwa hiyo sasa tunachangia na ng'ombe. Kabla sijatoa senti yangu, nataka kwanza kuambiwa fedha za mvule wa babu zilikwenda wapi.

Baba Salma (saa 6:50 mchana): Kaka, hilo tena?

Shangazi (saa 9:05 alasiri): Naandikiwa na mjukuu. Mvule ule niliamuru mimi ukatwe, na fedha zake nazijua zilikokwenda. Neno hilo lisirudiwe humu. Pili, marehemu kaka yangu alichimba lambo chini ya mwembe kwa ajili ya mifugo, nanyi mmeliacha likajaa tope huku mkinuniana. Lifukuliwe kabla ya vuli. Ng'ombe wanywe lambo, watu wanywe bati.

Baba Shabani (saa 11:30 jioni): Nimesikia, Shangazi.

Mama Rehema (saa 11:34 jioni): Ahsante, Shangazi. Basi Jumamosi ijayo tukutane shambani kufukua lambo, na ukingo wa upande wa nyumba uwekewe uzio wa miti kwa sababu ya watoto. Nani anakuja na koleo? Fundi naye anataka malipo ya awali Jumatatu, nami sijaona kiasi cha mtu yeyote.

Hamisi (saa 11:52 jioni): Koleo ninalo. Jumamosi nina harusi, lakini koleo litafika.

Baba Salma (saa 1:15 usiku): Tukianza na lambo, fundi wa tangi asubiri, maana mikono ya kusomba mchanga ni ile ile.

Mama Rehema (saa 1:16 usiku): Fundi hasubiri. Baba Shabani, wewe umesema kiasi gani?

Mama Zuhura (saa 4:50 usiku): Samahanini, nimetoka kazini sasa hivi. Tangi la matofali likikamilika, lile simtanki la zamani ni la nani? Nakumbuka tulilinunua mimi na marehemu baba.