Naomba ushauri: mdahalo wa afya na ulinzi

Wakuu, habari zenu. Nimepangiwa kupinga uamuzi wa Uingereza wa Februari 2025: ulinzi kupandishwa hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027, fedha zitoke kwenye misaada ya nje, inayoshushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Waziri wao wa maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu kwa hilo. Wanaokatwa ni watu wa mbali wasiopiga kura kule (rahisi, eti?), zikiwemo kliniki za Afrika.

Ninapokwama ni Azimio la Abuja la 2001. Viongozi wetu wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na nchi nyingi hazijafika. Mpinzani atanibana hapo. Nimjibuje bila kuonekana nawatetea viongozi hao? Mdahalo ni Ijumaa.