Glaida imeungwa mkia, uzito umeongezeka kilo 3: naomba ushauri

Tausi_Angani:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Ujerumani, kwenye klabu ya glaida (ndege zisizo na injini) maeneo ya milima ya Rhön. Glaida yetu ya kiti kimoja, ya faibaglasi, ilivunjika mkia msimu uliopita. Wakati wa kutua bawa lilinasa kwenye majani marefu, ndege ikajizungusha, mkia ukakatika mbele kidogo ya usukani (kile kibao cha mkiani kinachogeuza pua kushoto na kulia). Fundi ameunga na kupaka rangi, kwa macho kazi inapendeza. Tumeipima: ikiwa tupu ilikuwa kilo 248, sasa 251. Mizani ya gurudumu la nyuma ilikuwa ikisoma 34, sasa 37. Mimi nina kilo 58, na parashuti kilo 7. Wenzangu wanasema kilo tatu si kitu, Jumamosi niruke tu. Roho yangu inasita.

Kipanga:
Dada, una haki ya kusita. Hizo kilo tatu zote zimekaa mkiani, na hapo ndipo penye tatizo. Tupe vipimo vya kwenye kitabu cha ndege.

Tausi_Angani:
Kati ya magurudumu ni milimita 4,000. Gurudumu kubwa liko 70 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Rubani anahesabiwa 550 mbele ya ukingo huo. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika, angani kisipite 400 nyuma ya ukingo huo.

Kipanga:
Basi tuhesabu. Chukua uzito wa mkiani, zidisha kwa 4,000, gawa kwa uzito wote wa ndege tupu, ongeza 70. Zamani kitovu cha ndege tupu kilikuwa 618, sasa ni 660. Ukikaa wewe na parashuti, kilo 65, zamani kilikuja 376, ndani ya mpaka. Leo kinaangukia 411. Umeupita mpaka kwa milimita 11! Uzito wa chini kabisa kitini umepanda kutoka kilo 57 hadi karibu 69.

Kitovu kikirudi nyuma hivyo, pua inakuwa nyepesi, fimbo ya kuongozea inajibu kwa mguso mdogo tu, na ndege ikianza kuporomoka kwa kuzunguka huenda isitoke. Usiruke hivyo, tafadhali.

Dawa ipo. Kama kitabu kinaruhusu vipande vya madini ya risasi mbele ya pedali, tuseme 1,500 mbele ya ukingo, kilo 2 zilizofungwa kwa bolti zinakutosha. Ukiziweka kitini utahitaji karibu 4.

Fundi_Mabawa:
Naongezea hapo. Kwanza, mlipima vipi? Milango ya hanga (banda la ndege) ifungwe, maana upepo kidogo tu unanyanyua mabawa. Mkia upandishwe hadi pembe iliyoandikwa kitabuni, na betri na vyombo viwe mahali pake. Bila hivyo 37 yenyewe haiaminiki.

Pili, usukani ulipakwa rangi? Ukipakwa ni lazima ung'olewe, upimwe peke yake, uzito wake na mwelekeo wake wa kuning'inia nyuma ya bawaba. Gramu chache za rangi ukingoni zinaweza kuufanya utetemeke kwenye mwendo mkali hadi mkia upasuke. Hili linanitia hofu kuliko kilo tatu.

Mzee_wa_Hanga:
Msiwasahau wazito. Kuna kikomo cha uzito wa sehemu zisizoibeba ndege angani: mwili wa ndege, mkia, rubani na parashuti, bila mabawa, kwa sababu mzigo huo wote unaning'inia kwenye mashina ya mabawa. Kama kikomo hicho ndicho kilichokuwa kikibana, aliyeruhusiwa kilo 110 sasa ni 107. Kibandiko cha ndani chenye mipaka ya uzito kibadilishwe.

Tausi_Angani:
Asanteni sana. Nimeuliza: usukani ulipakwa na hakuna karatasi ya vipimo vyake. Nimemwandikia mkaguzi, ndege haitoki hangani. Alhamisi tunaung'oa, halafu tunapima upya milango ikiwa imefungwa. Nitaleta namba hapahapa.