MC wa Sinza kamwambia mama yangu aende makaburini, kisa tumeomba wapunguze mziki!!!

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa ndani ya bajaji, mama yuko pembeni yangu hajui naandika nini, mikono inatetemeka kwa hasira kwa hiyo makosa ya herufi mtanivumilia.

Kuna ile sehemu ya Sinza, hapa Dar. Jina sitaji, anayekula nje upande ule ameshaijua, ndio hiyo hiyo unayoifikiria. Wale waliopanga maspika kama biashara yao ni kuuza maspika na nyama ni nyongeza tu.

Mama yangu ana miaka 71, katoka Makete, kaja kliniki ya macho, wiki mbili yuko kwangu na kila siku anaamka kabla yangu anafua, anapika, anafagia hadi kwa jirani. Kesho saa 12 asubuhi anapanda basi pale stendi ya Magufuli anarudi. Nikasema leo mama haingii jikoni, leo mama anakaa kwenye kiti analetewa. Nimetunza hela mwenyewe kwa ajili ya hii siku. Tumeingia saa moja na nusu jioni, sio saa sita usiku, saa moja na nusu, watoto wadogo bado wako barazani wanacheza.

Spika mbili, kila moja ina urefu wa mlango, na moja imegeuziwa meza yetu kama askari anatuhoji. Glasi ya soda ilikuwa inatembea yenyewe mezani naishika isidondoke. Sabufa ikipiga naisikia kwenye figo. Singeli, halafu amapiano, halafu singeli tena, na kila baada ya dakika mbili MC anaingia anataja majina ya marafiki zake waliokaa mbele. Mama anaongea nasi kwa sauti ya chini tangu tumezaliwa, hajawahi kumpigia mtu kelele, leo namwona tu midomo inacheza. Nimemwambia dada mhudumu naomba maji ya moto ya mama, nimerudia mara tatu nimemwinamia hadi sikioni, kaenda, karudi na mayai. Mayai matatu ya kuchemsha!! Maji, mayai. Ndo mjue hali ilivyokuwa.

Sasa sikilizeni. Nikamwita yule dada kwa heshima zote nikamwambia dada yangu naomba mtupunguzie kidogo tu, niko na mzazi. Akaenda kwa DJ. DJ akamnong'oneza MC. MC akashika maiki akasema, nanukuu, "Kuna meza pale kwenye nguzo wanasema mziki unawasumbua, wapendwa wangu, mkitaka kimya nendeni makaburi ya Kinondoni, kule hakuna DJ!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wanageuka kututazama, na DJ badala ya kupunguza AKAPANDISHA.

Mama hakusikia kitu. Anaona tu watu wote wanatutazama wanacheka. Akaniuliza, wanasemaje mwanangu? Nikamwambia wanatukaribisha mama. Basi mama yangu akainuka kidogo kwenye kiti, akafunga vizuri kitenge chake, akawapungia mkono. Anawashukuru. Anawashukuru watu waliotoka kumwambia aende makaburini.

Nimeshindwa kula. Sato nimemwacha na macho yake. Nimeweka hela mezani nimemshika mama mkono tumetoka.

Jamani mtu mzima mwenye nywele nyeupe, kaja kula chakula cha kununua kwa hela halali, unamtajia makaburi kwenye maiki? Ningekuwa peke yangu ningevumilia, mimi mjini nimekaa, matusi nimeshayazoea. Lakini ule mkono wa mama kupunga. Kila nikifumba macho nauona ule mkono. Kama mziki ndo mlo wenu andikeni mlangoni kwamba hapa hatuuzi chakula tunauza kelele, tupite zetu. Na wewe MC najua unasoma humu, wenzako watakuletea hii. Ile meza ya kwenye nguzo ilikuwa ya mama yangu.

Mtoto wa Keko: Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

Kisamvu Cha Nazi: Pole sana mkuu. Hapo mama alipofunga kitenge akapunga mkono nimeweka simu chini kwanza. Mungu amfikishe salama Makete.

Muuza Mkaa: Mkuu Dar nzima hii na mabanda yake yote ya mama ntilie, wewe ukampeleka mama wa miaka 71 Sinza jioni ya wikiendi? Wa kuombwa radhi ni mama na wa kuomba ni wewe. MC kakuta mmenuna kwenye shughuli yake afanyeje?

Mleta uzi: @Muuza Mkaa shughuli gani, pale pameandikwa nyama choma na samaki, hapajaandikwa disko. Na hata ingekuwa disko, mzazi anatajiwa makaburi? Wako ungekubali?

Dada wa Mbagala: Hahahaaa maji yakawa mayai, nimecheka hadi mtoto kaamka. Mlikula sasa?

Mleta uzi: Mama alikula moja, mawili tumebeba ya safari. Na nimeyalipia yote. Tusitoke kwenye mada, MAKABURINI, hiyo ndo mada.

fundi_wa_mitambo: Mimi nafunga mitambo ya mziki kwenye kumbi, ngoja niwaambie ukweli. Sehemu zetu nyingi chini vigae, juu jipsamu, pembeni vioo, pazia hakuna, kitambaa cha meza hakuna, sauti ikitoka haina pa kufia, inagonga huku inarudi kule. Mwenye baa anataka spika mbili kubwa mbele wakati angetawanya ndogo ndogo nane kila mtu asikie kwa upole. Halafu DJ anakaa NYUMA ya spika, anachosikia yeye ni nusu ya mnachosikia nyie, ukimwambia punguza anakuona mchawi. Na watu nao wakishindwa kusikilizana wanapandisha sauti bila kujijua, hilo daktari mmoja Mfaransa anaitwa Lombard aliliandika tangu 1911, basi DJ akisikia watu wanapiga kelele naye anaongeza, watu wanaongeza, anaongeza. Ikifika saa tatu wote mnafoka na hakuna anayemsikia mwenzake. Ushauri wangu, kaa upande wa mgongo wa spika, besi itakufuata lakini ile sauti ya kupasua sikio inapungua sana. Na nendeni saa kumi jioni DJ akiwa bado anakunjua nyaya.

Mleta uzi: Asante fundi, lakini kwa nini mimi mwenye hela yangu nikatafute mgongo wa spika?

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, jambo hili lina sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ni za 2015. Nenda NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, ukaandikishe malalamiko, mwaka 2022 walifungia baa nyingi tu kwa ajili ya kelele. Nao WHO mwaka huo huo walitoa kiwango cha kumbi za starehe, wastani usizidi desibeli 100 kwa robo saa, na hapo wanazungumzia watu waliokwenda kucheza, sio bibi aliyekwenda kula samaki. Sikio likishaharibika ndani halioti jingine.

Muuza Mkaa: Mwalimu hao walikuja mtaani kwetu, baa ikanyamaza siku mbili, ya tatu wakafungua na spika mpya. Nasema nilichokiona kwa macho.

Wa Umoja 254: Wasee pole. Huku kwetu Nairobi mwaka 2022 kaunti ilisema hakuna leseni za klabu za usiku kwa mitaa ya watu kuishi, tukashangilia sana. Sasa hiyo ya chini ya nyumba yangu ilikuwa klabu, ikabadilisha bango ikaitwa restoranti, wakaweka menyu ya chipo na soseji, na mziki ni ule ule. Nikiitisha chai naletewa na shisha. Huyo MC wenu angekuja hapa angepata kazi siku hiyo hiyo.

Mama Pili Tandika: Nyie mnalia na baa mnazoenda kwa miguu yenu na kuondoka kwa miguu yenu. Mimi nyuma ya ukuta wangu kuna mkesha wa maombi wa turubai, spika nne, jumatano hadi jumapili, na mbele kuna kibanda cha kuonyesha mpira. Simba wakifunga nasikia, Yanga wakifunga nasikia, goli likikataliwa nasikia mara mbili. Bajaji ya kunitoa mimi pale iko wapi? Ndo nyumbani kwangu.

Mtoto wa Keko: Mama Pili umeshinda, mleta uzi ampishe.

Mleta uzi: Hakuna mashindano hapa! Mama Pili pole lakini fungua uzi wako. Mimi nazungumzia mama yangu kuambiwa aende makaburini na yeye akapunga mkono.

Ndizi Bukoba: Mimi kelele navumilia, naweka pamba masikioni nakula. Kinachoniua hizo sehemu za Sinza ni CHENJI. Dada anachukua elfu kumi yako, bili elfu saba, anakwambia nakuja, anapotelea jikoni kama kaenda Burundi. Ukimwita mziki unakusaliti, hakusikii, na anajua kwamba hakusikii. Ile sauti kubwa wanaiweka makusudi mchoke muondoke bila chenji.

Kisamvu Cha Nazi: @Ndizi Bukoba hapo umegusa mshipa. Mimi wiki iliyopita nimeletewa chenji ya pipi. Pipi sita. Nina kisukari.

Dada wa Mbagala: Afadhali pipi. Mimi naambiwa hatuna mia tano tuandike tu ukija siku nyingine. Kwenye daftari gani?

fundi_wa_mitambo: Ndo maana mimi nalipa kwa simu, kamili hadi shilingi. Tatizo namba wanakutajia kwa mdomo pale kwenye kelele, mara moja nilituma elfu kumi na nane kwa mtu wa Kahama. Hajarudisha hadi leo.

Muuza Mkaa: Hahahaa Kahama. Hiyo ishakuwa saruji ya nyumba yake.

Mwalimu Mstaafu: Fundi, ukikosea namba wahi huduma kwa wateja kabla hajaitoa, wanaweza kuizuia.

Ndizi Bukoba: Mleta uzi umenyamaza, wewe umelipaje pale ulipotoka kwa hasira?

Mleta uzi: Wakuu mmenikumbusha. Bili ilikuwa 41,000, nimeweka 50,000 mezani nikaondoka. Elfu tisa yangu iko kule!! Nimetukaniwa mama na elfu tisa wamebaki nayo!

Kisamvu Cha Nazi: Elfu tisa ni nauli yako ya wiki nzima ya kwenda kazini. Rudi kesho mchana ukimwacha mama stendi, saa hizo meneja yupo na mziki haujawashwa.

Muuza Mkaa: Akirudi ataletewa mayai mengine.

Mleta uzi: Narudi kesho mchana. Naitaka yote tisa, sitaki pipi.

Ndizi Bukoba: Ukiipata tuambie uliongea na nani, kuna 3,000 yangu pale tangu Pasaka.

Dada wa Mbagala: Na mia tano yangu. Yule dada mwenye rasta fupi ndo anajua.